Shefu wa Rezo Hakupenda Kazi Yake

Siku ya kwanza nilifika kwenye stesheni ya maji nikiwa na viatu vipya vya kisigino, diplome ndani ya bahasha, na kiburi cha mtu aliyefaulu mtihani wa serikali kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesomea biokimia. Mwanaume niliyemkuta amechutama ndani ya shimo, suruali imekunjwa mpaka magotini, nilimdhania mlinzi. Nikamuuliza, "Baba, Shefu wa Rezo iko wapi?" Akaninyoshea mkono nimvute atoke. Nikamvuta, na tope likanirukia mpaka kwenye sketi.

"Umeisha kumupata," akasema. "Weye njo mama wa laboratwari?"

"Ndiyo, Shefu."

"Unapenda hii kazi?"

"Ninaipenda sana, Shefu. Tangu masomo."

Akaangalia viatu vyangu, kisha uso wangu. "Miye siipendi," akasema. "Kuya nikuonyeshe."

Nilianza hivyo. Ninyi vijana wa Bunia mnaofungua robine na kununa maji yakichelewa dakika mbili, sijui kama kuna aliyewahi kuwaeleza rezo ni nini. Ni matiyo yote, yaani mabomba, yaliyofukiwa chini ya ardhi, kutoka tanki kubwa la kilimani mpaka robine ya mwisho kwenye kartie, mtaa wa mwisho. Maji yetu yalishuka yenyewe, bila pampu wala umeme, kwa sababu chanzo kilikuwa juu ya mji. Kazi ya Shefu wa Rezo ilikuwa kuyagawa. Kazi yangu ilikuwa kuyasafisha kabla hajayagawa.

Kila asubuhi nilipanga glasi sita mezani, zote zimejaa maji ya chanzo, na ndani ya kila moja nikatia sulfati, ile chumvi ambayo wazee wengine wanaiita shabu. Kila glasi na kipimo chake. Nikakoroga, nikangoja. Katika glasi moja uchafu ulianza kukusanyika kuwa mabonge madogo na kuzama, na kipimo cha glasi hiyo ndicho kilikuwa cha siku. Mvua ikinyesha huko juu, kipimo kinabadilika. Baada ya hapo inakuja kloro, ambayo inaua vijidudu lakini ukizidisha watu watakutukana mji mzima. Nilizipenda zile glasi, nasema wazi. Niliinua ile iliyotulia mbele ya dirisha nikaitazama kama mtu anavyotazama mtoto wake aliyetoka kuoga.

Shefu alikuwa akipita mlangoni na kusema, "Mama, batu iko na kiu, weye unacheza na glasi."

Lakini ni yeye aliyeamua kunifundisha rezo, ingawa karatasi yangu ya kazi haikusema hivyo. Alisema mtu wa maji anayejua laboratwari peke yake ni nusu ya mtu. Basi mchana tulitembea, yeye mbele na ufunguo wa vane begani. Vane ndiyo kile chombo kinachofungua na kufunga maji ndani ya tiyo, na ufunguo wake ni chuma kirefu chenye mpini wa kukingama, unakiingiza ndani ya shimo na kukizungusha ukiwa umesimama. Kwenye karatasi za Direkta, mkurugenzi wetu, kila vane ilikuwa na namba. Shefu hakuzitumia. Aliziita kwa jina la mama wa nyumba iliyo karibu, Vane ya Mama Anyesi, Vane ya Mama Dorika, na hakuinua kifuniko kabla hajapiga hodi kwa huyo mama na kuuliza hali ya watoto.

"Shefu, tutachelewa," nilimwambia siku moja.

"Yeye analala na hii vane usiku, siye hapana. Tiyo ikilia, njo atakuya kutuambia. Ukipita bila kumusalimia, atanyamaza."

Alinifundisha fimbo ya kusikiliza. Ni chuma chembamba, ncha moja unaiweka juu ya vane, nyingine sikioni. Maji yakipita mahali palipobanwa yanapiga mluzi. Yakipita mahali palipo wazi kabisa, hayasemi kitu. Mgeni akisikia kimya anafikiri hakuna maji, na mwenye kazi anajua kwamba yako mengi. Alinifundisha pia kufunga pole pole nikihesabu mizunguko kwa sauti, kwa maana ukifunga kwa haraka maji yanarudi nyuma kwa kishindo na kupasua tiyo. Wazungu wa zamani waliita jambo hilo pigo la kondoo dume.

Halafu kulikuwa na zile za kushoto. Vane za siku hizi zote zinafungwa ukizungusha kuume. Lakini tatu katika mji wetu ziliwekwa kabla Shefu hajazaliwa, na hizo zilifungwa ukizungusha kushoto. Moja ilikuwa Vane ya Mama Dorika, karibu na soko, ambayo ilipeleka maji kwenye kartie ya chini, ng'ambo ya mto Nyamukau. Tena hiyo hatukuiacha wazi yote. Matiyo ya kule chini yalikuwa yamezeeka, na maji yangeshuka kwa nguvu yote yangeyatoboa. Kati ya mizunguko ishirini na minne tuliiacha wazi tisa tu, imebanwa, inapiga mluzi mchana na usiku.

Mwezi wangu wa pili niliizungusha kuume nikidhani ninaifunga. Kesho yake kartie ya chini ilikuwa imepasuka mahali pawili. Shefu hakunigombeza. Aliniamuru tu, kila asubuhi kwa mwezi mzima, nisimame mbele ya wafanyakazi wote nikiwa na viatu vyangu vya kisigino niseme, "Mama Dorika, kushoto." Nilimchukia mwezi huo. Baadaye hata ungeniamsha usingizini uniulize jina langu, ungejibiwa Mama Dorika kushoto.

Nilimwuliza mara moja yeye alitaka kazi gani. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara, na lori likapita likielekea Epulu na kule mbele. Hakugeuza kichwa, alisikiliza tu ngurumo yake, akaniambia ni mashini ya aina gani na kwamba dereva anaiua kwa kubadilisha vitesi, zile gia, vibaya. "Miye nilitaka volan," akasema. Usukani, ndivyo alivyouita. Baba yake alikuwa mtu wa maji na alimwandikisha bila kumuuliza. Miaka ishirini na tatu alikuwa akiamka kila siku kwenda mahali asipopapenda. Nilimwonea huruma, na ninakiri kwamba nilijiona bora kuliko yeye.

Direkta naye alinisifu kwa mapenzi yangu, akanipeleka Aru miaka miwili nisaidie rezo ndogo ya kule. Shefu wa Aru alikuwa mtu niliyemtamani kuwa. Alipenda kazi, baba, aliipenda mpaka aliiimbia. Alisugua pampu yake kwa kitambaa cha nguo ya mke wake na hakuruhusu mkono wa mtu mwingine uiguse. Tetesi za vita zilipofika mpakani alivuka na familia yake asubuhi moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuiwasha ile pampu. Simhukumu, alikuwa na watoto. Lakini Aru ilikunywa maji ya bwawa mpaka mtu alipopatikana.

Nilirudi Bunia, na vita ikanikuta hapo.

Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wasiombe kujua kwa mdomo wangu. Itoshe kusema kwamba Shefu alikuwa wa upande ulioshika mji, na mimi nilikuwa wa upande uliofukuzwa. Kati yetu ilikuwepo Nyamukau. Kartie ya chini ilibaki kwa watu wetu, imejaa tena wakimbizi wa vijiji vya Djugu waliolala ndani ya kiwanja cha kanisa, na mama yangu mzazi alikuwa huko. Miguu yake ilikuwa imevimba, asingeweza kukimbia hata kama moto ungekuwa mlangoni. Daraja lilikuwa limefungwa na watu wenye bunduki, na aliyeshuka mtoni kuchota maji alipigwa risasi. Robine za kule chini ndizo zilikuwa uhai wao, na robine zile zilipata maji kutoka kwa Mama Dorika.

Direkta alikwenda misheni ya siku tatu na hakurudi. Mishahara ikakatika, wenzetu wakaondoka mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa ametangulia Aru na watoto kwa ndugu zake. Mimi nikabaki kwenye nyumba ya stesheni, kwa sababu mama yangu alikuwa anakunywa maji ninayoyasafisha. Kila asubuhi Shefu alikuja kunichukua mlangoni hata kama laboratwari ilikuwa hatua hamsini tu. Alitembea mbele yangu na ule ufunguo begani. Wenye bunduki waliujua. "Hawa ni batu ba mayi," waliambiana, wakatuacha tupite.

Kamanda wa hao wenye bunduki alikuja asubuhi moja, saa nne hivi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniogopesha. Alivua kofia kabla ya kuingia ndani ya biro, ofisi yetu.

"Jambo, muzee. Tunaomba mayi ya kule chini ifungwe leo."

"Kule kuko batoto," Shefu akasema.

"Njo juu ya ile. Bakisikia kiu, batatoka."

Shefu alijikuna shingo. Kwa muda niliona anatafuta neno, na kama angelikataa tungeuawa pale pale na mtu mwingine angefunga. Akasema, "Sawa. Lakini ile vane iko nzito, na miye mugongo inaniuma."

Kamanda akanigeukia. "Huyu mama iko wa wapi?"

"Wa laboratwari," Shefu akajibu.

"Nimeuliza iko wa wapi."

Shefu akarudia neno lile lile, na hilo likamtosha. Kamanda akavaa kofia yake. "Basi afunge yeye," akasema.

Tulikwenda kwa miguu, wao kumi, siye wawili. Sikumbuki barabara. Nakumbuka kwamba nyumba ya Mama Dorika ilikuwa imeachwa wazi, mlango unaning'inia kwa bawaba moja, na Shefu akasimama mbele yake akapiga hodi. Wenye bunduki walicheka. Akainua kifuniko, akaweka fimbo, akamwita kamanda. "Sikiliza kwanza, usikie inapita. Halafu utasikia weye mwenyewe kama imekufa." Kamanda aliinama, akasikiliza ule mluzi, akakubali kwa kichwa.

Shefu akanipa ufunguo. "Mama, funga. Kuume."

Hapa ndipo nataka mnisikilize, ninyi mnaofundishwa siku hizi ndani ya mafunzo kwamba mtu atafute kazi anayoipenda na mengine yatajipanga. Mimi niliipenda kazi yangu kuliko mtu yeyote katika mji ule. Na mbele ya bunduki kumi, nikiwa na mama yangu upande wa pili wa tiyo lile, mapenzi yangu yalifanya nini? Yalifungua mdomo kumrekebisha Shefu.

"Shefu, hii ya Mama Dorika ni ya ku..."

"Mama." Hakupandisha sauti. "Nani njo Shefu hapa?"

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku, uso wa mtu aliyechoka na kazi.

"Ni weye, Shefu."

"Kuume basi. Pole pole, na uhesabu."

Nilielewa nikiwa nimeshaanza kuzungusha. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kila mzunguko nilikuwa ninamfungulia mama yangu. Machozi yalinitoka, na kamanda aliyatazama kwa kuridhika. Kwenye kumi na tano vane ikagota, kwa kuwa ilikuwa imefika mwisho wa kufunguka, na kwa mtu asiyejua, vane iliyogota ni vane iliyofungwa. Kamanda akainama na fimbo. Maji yalikuwa yanapita yote, bila kubanwa, na kwa hiyo hayakusema kitu.

"Imekufa," akasema.

"Imekufa," Shefu akaitika.

Kisha kamanda akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Akanyosha mkono akauchukua ufunguo, asije mtu akafungua tena nyuma yake, na ulikuwa ni mmoja tu katika mji mzima. Wakaondoka nao.

Tulipofika stesheni nilikaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja. Nilimwambia Shefu kwamba Mungu amempa akili. Yeye alikuwa tayari anapekua vitu ndani ya sanduku la vyombo, amenuna. Alikuwa akitoa mipira ya ndani ya baiskeli, ile ya zamani, anaikata vipande virefu.

"Mama, weye unafurahi. Mayi yote inashuka kule sasa, na ufunguo hatuna. Kesho, kesho kutwa, matiyo itapasuka. Mayi ikianza kuruka barabarani, batu balioko kwa daraja bataiona. Bataelewa."

"Tufanye nini?"

"Mama yako anaitwa nani, na anakaa karibu na nini?"

Nilipofahamu alichokuwa akiuliza nikamshika mkono. Nilimwambia kule ni watu wangu, si watu wake, watamuua kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia niende mimi, ni kwetu. Akaniuliza kama ninajua kufunga tiyo iliyopasuka wakati maji iko ndani. Sikujua. Nilijua glasi. Akafunga mipira na waya ndani ya gunia, akangoja saa ya chakula walinzi wakiwa wamekaa, akapita kwenye mashamba ya mboga kule juu ambako Nyamukau ni finyu. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni. "Hii kazi," akasema, "siipendi kabisa." Akaenda.

Yaliyompata kule niliyasikia baadaye kwa mama. Walimkamata akitoka mtoni, wakamfunga mikono, na vijana walikuwa wanabishana wammalize wapi. Alisema kitu kimoja tu, jina la mama yangu. Wakamleta mpaka mkekani kwake. Mama alimjua, alikuwa ameketi meza moja naye siku ya harusi yangu. Akawaambia, "Huyu ni Shefu wa mutoto wangu. Mumuache. Ananuna tu, ubaya hana." Wakamfungua mikono, na jioni hiyo hiyo tiyo la kwanza likapasuka nyuma ya kanisa.

Alikaa huko wiki saba. Alilala kwenye jiko la mama. Kila siku alitembea kartie nzima ameinamisha kichwa, akisikiliza kwa fimbo ya mti aliyoichonga, na kila mahali palipopasuka aliviringisha mpira na kukaza waya akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akafukia kabla jua halijaonyesha unyevu kwa watu wa darajani. Wakimbizi waliochimba pamoja naye walikuwa wamepoteza ndugu mikononi mwa watu wa upande wake. Wengine hawakumsemesha neno kwa wiki saba. Walichimba tu, na yeye akafunga.

Mimi kilimani sikuwa na habari yake ila kipimo cha tanki. Ni ubao wenye mistari, unaoonyesha maji yamesimama wapi. Tiyo likipasuka mahali, mstari unaanguka haraka. Likizibwa, unatulia. Basi asubuhi nilikuwa natazama. Mstari ukianguka, moyo wangu unaanguka nao. Ukitulia, najua kwamba yuko hai na mikono yake inafanya kazi. Sijawahi kusoma barua ya mtu kwa hofu namna hiyo.

Wiki ya tatu niliamka na kazi sikuipenda tena. Sijui kuieleza vizuri. Nilikuwa na njaa, kloro ilikuwa imebaki kidogo ndani ya ndoo, wenye bunduki walipita kila siku kuniuliza ninamsafishia nani maji. Lakini si hayo. Nilitazama zile glasi sita nikazichukia, glasi nilizozipenda miaka kumi na miwili. Gari moja lilikuwa linaelekea Aru siku hiyo na dereva alikuwa ameniwekea nafasi. Watoto wangu walikuwa kule. Nilikaa kitandani na mfuko wangu magotini, nikatafuta mapenzi yangu kama mtu anavyotafuta ufunguo wa nyumba, na hayakuwepo mahali popote.

Nikatoka kutazama tanki, kwa mazoea tu. Mstari ulikuwa umeanguka sana, kisha umetulia. Kwa hiyo alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri, mtu asiyependa. Nikaweka mfuko chini, nikapanga glasi. Nilikoroga nikiwa nimekasirika na dunia yote. Na glasi ya nne ilitulia vizuri kabisa, haikujua kwamba simpendi mtu wala kitu, na kule chini mama yangu na watoto wa kanisani walikunywa bila kuharisha. Gari likaenda bila mimi.

Wanajeshi wa nje walipoingia mji, kamanda na watu wake waliondoka kwa haraka, na ufunguo nikaukuta umetupwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba aliyokalia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Dorika. Nilipiga hodi kwenye nyumba tupu. Nikazungusha kushoto, mizunguko kumi na mitano nikihesabu kwa sauti peke yangu, mpaka ule mluzi ukarudi. Ndipo nikavuka daraja.

Niliwakuta uani wanagombana juu ya chumvi. Mama alikuwa mkekani, anamwonyesha kidole. Shefu alikuwa amekonda, mikono yake imechanika na waya kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko. Nilimkumbatia, jambo ambalo kwetu mfanyakazi hafanyi kwa Shefu wake, na akasimama wima akingoja niishe. Mama akasema, "Mumurudishe kwenu. Ananuna kuliko marehemu baba yako."

Baada ya hapo kazi iliendelea, kwa sababu maji hayana sikukuu. Alikuja Direkta mpya, akatukuta siye wawili tu tunaojua vane ziko wapi. Wenzetu wengine walirudi, wengine hawakurudi kamwe. Shefu alipostaafu niliwekwa mahali pake, mwanamke wa kwanza katika rezo ile, na nikastaafu nikiwa hapo. Mapenzi yangu yalirudi kidogo kidogo. Kuna asubuhi niliyakuta, kuna asubuhi sikuyakuta, na sikuyangoja tena ndipo nianze kazi. Simchukii mwenye kupenda kazi yake, ana bahati na amshukuru Mungu. Lakini vijana waliokuja kwangu kuomba kazi wakisema, "Mama, ninaipenda hii kazi sana," niliwaambia, "Vizuri, tutaona."

Shefu alihamia Marabo, kando ya barabara kubwa, akalima maharage na kusikiliza malori. Nilikwenda kumsalimia kila mwaka. Kila mwaka nilimuuliza swali moja, na kila mwaka alinijibu vilevile huku akionyesha kwamba swali langu linamchosha.

Tulimzika huko huko Marabo. Kartie ya chini ilikuja na malori mawili yamejaa, watu ambao miaka ile walikuwa watoto wa kiwanja cha kanisa, na wazee wachache wa wale waliochimba bila kumsemesha. Pasta, ambaye hakuwa wa huku na hakumjua, alihubiri vizuri. Alisema tunamzika mtu aliyeipenda kazi yake kuliko maisha yake, na kwamba mapenzi hayo ndiyo yalimvusha mto.

Nilisimama. Wanangu walinivuta kitenge nikae, sikukaa.

"Samahani, Pasta," nikasema. "Useme vizuri habari za huyu muzee. Hakuipenda. Miaka arobaini hakuipenda hata siku moja, na hakukosa hata siku moja."

Mjane wake, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, akasema pole pole, "Mama anasema kweli. Alinuna kila asubuhi." Wengine wakacheka kwa kulia.

Pasta alifunga kitabu chake akanitazama. Hakukasirika, alitaka tu kujua. "Basi, mama," akasema, "kama hakuipenda, juu ya nini alivuka kwenda kwa watu waliotaka kumuua?"

"Nilimuuliza hilo mpaka uzee wetu wote wawili," nikamwambia. "Alisema tiyo ilikuwa inapasuka."